Milango ya Bikizee

Katika nyumba ya marehemu Ambrose Thirkell hapakuwa na mlango wa ndani hata mmoja. Wa mbele ulikuwepo na wa nyuma ulikuwepo, kwa sababu ya upepo wa baharini na macho ya majirani, lakini kati ya jikoni na sebule, kati ya sebule na ngazi, na hata chooni, kulining'inia mapazia tu. Mgeni aliyekwenda kujisaidia alitakiwa aimbe wimbo wa kanisani ili wengine wajue kuna mtu. Mchungaji mmoja kijana, mgeni katika kijiji cha Aldersby, alikwama kwenye ubeti wa pili kwa kusahau maneno, na Ambrose akammalizia kutoka jikoni, huku akimenya viazi.

Milango yote ya ndani aliing'oa wiki ile ile aliyomwoa Dorcas.

"Sasa tukigombana nitabamiza nini?" Dorcas alimwuliza.

"Bamiza sufuria."

Nyuma ya nyumba, hata hivyo, kwenye banda la kuku, kulikuwa na milango miwili midogo isiyofanana na kitu chochote cha shambani. Ilikuwa ya bati jepesi, iliyopinda kama ganda la yai, na kwa ndani ilikuwa na rangi ya kijani ya jeshi iliyobanduka. Milango hiyo ilitoka kwa Bikizee, na habari za Ambrose haziwezi kusimuliwa bila habari zake.

Bikizee lilikuwa jina la ndege. Kwa jeshi alikuwa Wellington ya kuangusha mabomu, mwenye injini mbili na herufi K ubavuni. Alitoka kiwandani vita vya pili vya dunia vikiwa bado vichanga, akaenda kupiga miji ya Wajerumani, Bremen, Essen na Kiel, na kila aliporudi mafundi walimchorea bomu dogo la manjano chini ya dirisha la rubani. Safari moja alirudi na bawa lenye tundu la kupitisha ng'ombe, wakampachika bawa la ndege nyingine iliyokuwa imevunjika tumbo. Safari nyingine alirudi na mlinzi wake wa mkiani akiwa maiti, na kibanda chake cha bunduki kikaoshwa kwa maji ya moto. Alipochoka kabisa hawakumstaafisha. Walimleta Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza, kwenye uwanja wa mafunzo, awafundishe vijana.

"Ndege ikichoka kuua Wajerumani," alikuwa akisema Koplo Lomax, fundi wake mkuu, "inaletwa huku iue wanafunzi."

Ambrose alikuwa mwanafunzi mmojawapo. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mwana pekee wa mjane Keziah Thirkell, na kabla ya vita kazi yake ilikuwa kung'oa biti, ile mizizi ya kutengenezea sukari, kwenye mashamba ya watu. Alikuwa mfupi, na wafupi walipelekwa mkiani. Huko mwisho wa ndege palikuwa na kibanda cha vioo kilichozunguka, chenye bunduki nne, na mlinzi aliketi humo peke yake, mgongo wake ukiwaelekea wenzake wote. Nyuma ya mgongo wake palifungwa milango miwili midogo, iliyolia kila ilipokutana. Kibanda kikiwa kimenyooka, milango ilifungukia tumboni mwa ndege. Kikigeuzwa ubavu kabisa, ilifungukia hewani, na mtu mwenye mwavuli wa kurukia angeweza kujiachia kinyumenyume. Lakini kikisimama katikati ya hapo na pale, milango ilitazama mbavu za chuma, na mtu hakuwa na pa kutokea. Hilo alifundishwa siku ya kwanza.

Rubani wao alikuwa Sajini Desmond Pyke, kijana mrefu mwenye masikio makubwa, aliyependa utani kuliko chakula. Wenzao wengine watatu wa ndege ile walikuwa wamekwisha kuuzoea. Msimu wa kung'oa biti ulipofika, siku ya Jumatatu, walikuwa wakirudi kutoka mazoezi ya kulenga shabaha baharini, na sauti ya Pyke ikaingia masikioni mwa Ambrose kwa waya wa ndege.

"Thirkell. Lile kanisa la matofali mekundu si la kwenu?"

"Ndilo, nahodha."

"Na leo si Jumatatu? Mama yako atakuwa nje na shuka zake."

Kila mwanamke wa Aldersby alifua Jumatatu. Hata mvua ikinyesha, hata akiwa na mgonjwa, Jumatatu kamba ilitundikwa nguo, na aliyefua siku nyingine alisemwa mpaka Jumapili.

"Nahodha, imekatazwa kushuka chini."

"Nani ameshuka? Nainama kidogo, nimwamkie mama mkwe."

"Mimi sina dada."

"Basi nitamwoa mwenyewe. Amejaliwa kupika?"

Wote walicheka, na Ambrose pia alicheka. Bikizee akainama. Kutoka mkiani Ambrose aliona vitu vyote vikimkimbia kinyumenyume: mfereji, daraja, mnara wa kanisa. Akageuza kibanda kidogo upande wa kushoto ili aone vizuri, na hapo akamwona mama yake katikati ya shuka, mkono juu ya macho. Mama akaitambua sura ya mwanawe, au akaikisia, akachomoa shuka nzima kwenye kamba na kuipunga kama bendera.

Injini ya kushoto ilikohoa. Ikakohoa tena, ikanyamaza. Injini hiyo ndiyo iliyosukuma mafuta ya kugeuzia kibanda, na palepale kibanda kikafa, kikiwa nusu hapa na nusu pale. Ambrose alisikia sauti ya Pyke, safari hii bila utani: "Jishikeni." Kisha udongo ukaja.

Bikizee alilala kifudifudi katika shamba la biti la Blanchard mhunzi, akaliparua lote kama jembe la shetani, akasimama karibu na mfereji. Wale watatu walitoka kwa tundu la juu. Pyke alitolewa taya likiwa limevunjika. Ambrose alinyoosha mkono nyuma na kusukuma milango. Milango ilifunguka vizuri kabisa. Nyuma yake palikuwa na ubavu wa chuma, karibu kiasi cha kuugusa kwa kisogo.

Kulikuwa na mpini wa kugeuza kibanda kwa mkono. Aliuzungusha nao ukazunguka robo, ukakwama. Duara la chuma lililozungusha kibanda lilikuwa limepinda. Alijaribu tena mpaka ngozi ya viganja ikachubuka. Bunduki zilikuwa zimemkalia mapajani. Na ndipo harufu ilipomfikia: petroli. Aliisikia ikidondoka mahali fulani juu ya majani ya biti, taratibu, kama maji kwenye paa bovu.

Watu wa Aldersby walikuja mbio, wengi wao wanawake na wazee. Walimwona ndani ya vioo kama samaki wa kwenye chupa. Walimwona akipiga vioo kwa ngumi, na walimsikia akisema maneno ambayo hakuna aliyejua kwamba mtoto wa Keziah aliyajua. Blanchard alifika na nyundo na tindo, akanusa hewa, akaviweka chini.

"Blanchard, mbona unaviweka?" aliuliza mwanamke mmoja.

"Nikigonga chuma kwa chuma, tunaondoka wote hapa kwa pamoja. Leteni msumeno wa chuma. Na maji."

"Injini inatoa moshi."

Kila mtu aliitazama ile injini ya kulia. Ilikuwa nyekundu kwenye mabomba, na petroli ilikuwa ikiifuata polepole kwenye mtaro wa udongo. Ndipo wanawake wa Aldersby walipofanya jambo ambalo siku nyingine yoyote ya wiki lisingewezekana. Walikimbia kwenye kamba zao. Walirudi na shuka, foronya, vitambaa vya meza, suruali za ndani za wazee, vyote vikichuruzika maji, wakaifunika ile injini, na vingine wakavitupa juu ya kibanda. Mvuke ukapanda. Wakaenda kuleta vingine.

Keziah alikuwa ameweka kiganja juu ya kioo, mahali penye uso wa mwanawe.

"Mama, usiondoke."

"Niende wapi na wewe uko hapa?"

"Nitoeni. Mwambie anitoe."

"Anakata, mwanangu. Husikii msumeno?"

"Naungua, Mama."

"Huungui. Hayo ni maji ya nguo ya Bi. Maltby yanakudondokea. Na zile suruali sijui kama amezifua vizuri, lakini maji ni maji."

Ambrose hakucheka. Blanchard alikata, akasimama, akamwagia msumeno maji, akakata tena. Vioo vilikuwa si kitu. Fremu ndiyo iliyokuwa kazi. Mama alizungumza muda wote. Alimsimulia habari za paka, za bei ya makaa, za mwinjilisti aliyesinzia kwenye mahubiri yake mwenyewe. Alipoishiwa aliomba, bila kufumba macho, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemwagiza mtu dukani: Bwana, unaona palivyo padogo; panua kidogo. Jua lilikuwa limeegemea upande wa pili wa mnara walipomvuta nje kwa makwapa. Hakuweza kusimama. Alilala kwenye udongo akatazama mbingu, na mtu alipotaka kumfunika blanketi usoni asipigwe na baridi alimng'ata mkono.

Kulikuwa na uchunguzi. Ofisa alikuja Aldersby akauliza ndege ilipita juu kiasi gani. Kijiji kizima hakikuona kitu. Keziah, ambaye hakuwahi kusema uongo, alijibu, "Mimi nilikuwa natazama shuka zangu, bwana." Na tangu wiki ile alianza kufua Jumanne. Majirani walimwambia kwamba Jumatatu ndiyo iliyomwokoa mwanawe.

"Ndiyo iliyomwita vilevile," alisema, na alifua Jumanne mpaka kufa kwake.

Ambrose alipewa likizo ya ugonjwa, akalala kwenye chumba chake cha utotoni. Hapo ndipo mtego wa pili ulipomfunga, na huo haukuwa na kioo cha kukata. Askari wote wa ndege walikuwa wamejitolea kwa hiari. Lakini aliyejitolea akasema sasa basi, alinyang'anywa mistari ya usajini mbele ya wenzake, faili lake likagongwa muhuri wa woga, akapelekwa kusugua vyoo mahali asipojulikana. Ambrose aliwahi kumwona mmoja. Alipita kwenye bwalo la chakula na hakuna aliyeinua kichwa.

Alijaribu kujizoeza. Aliingia kwenye kabati la mama yake, akavuta mlango. Alitoka nao, bawaba zikining'inia. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ambrose alishtuka hata akivaa sweta, pale kichwa kinapokuwa bado ndani.

Mama aliurudisha mlango wa kabati mahali pake. Siku ya mwisho ya likizo alimpa chai jikoni, akaketi mbele yake.

"Utarudi?"

"Nisiporudi wataniita mwoga, Mama. Na wewe utaitwa mama wa mwoga, kanisani, kila Jumapili."

"Mimi nimeitwa mengi. Sikukuuliza watu watasema nini."

"Siwezi kuingia mle. Na siwezi kutoingia." Aliweka kikombe chini kwa mikono miwili. "Nimekwama, Mama. Hata hapa nilipo nimekwama."

Keziah alimwongezea chai. "Mwanangu, siku ile hukukwama kwa sababu ya kibanda. Ulikwama kwa sababu nyuma yako palifungwa. Mwombe Mungu akuachie nyuma wazi, hata kama mbele ni pabaya." Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa vitendo, akaongeza, "Na umwombe na fundi."

Bikizee alikuwa amekwisha kutolewa shambani kwa magari. Wellington zilisukwa kwa vyuma kama kikapu, na kikapu hukarabatika. Wakamtia tumbo jipya, injini na kibanda kingine cha mkiani, wakamrudisha kazini. Ambrose alimkuta Koplo Lomax chini ya mkia, akipuliza vidole.

"Koplo, milango ya kibanda. Unaweza kuitoa?"

"Kuitoa uipeleke wapi?"

"Popote. Nitaingia ikiwa haimo."

Lomax alitambaa kutoka chini ya mkia. Alikuwa mtu wa kaskazini, wa Lancashire, mwenye sura ya kukasirika hata akifurahi. "Unajua kazi ya milango ile? Upepo wote wa tumbo la ndege utakukalia mgongoni. Huko juu barafu inaota kwenye kope. Na kibanda kikigeuzwa ubavu, nyuma yako ni hewa tupu. Mkanda ukikatika unakwenda zako."

"Hewa tupu ndiyo naitaka."

"Na ukikwama tena katikati? Chuma kitakuwa palepale."

Hilo Ambrose alikuwa amelifikiria kila siku ya likizo. "Chuma sikiogopi," alisema. "Naogopa ule mlio. Ile milango inavyolia ikijifunga."

Lomax alivuta bisibisi kutoka mfukoni.

Asubuhi ya safari ya kwanza, mkuu wa mafunzo alizunguka ndege pamoja na Pyke, ambaye taya lake lilikuwa limeunga upande na kumpa sura ya mtu anayetafuna. Mkuu akafika mkiani. Akachungulia.

"Koplo, milango ya kibanda iko wapi?"

"Inatengenezwa, bwana mkubwa."

"Itakuwa tayari lini?"

"Vita vikiisha, nadhani, bwana mkubwa. Kuna kazi nyingi."

Mkuu alimtazama Lomax, kisha Pyke, kisha akamtazama Ambrose, aliyesimama kwenye nyasi na uso wa rangi ya majivu. Huyu mkuu naye alikuwa ametoka kwenye safari zake mwenyewe za vitani. Mkono wake mmoja haukukunjuka. "Haya," alisema. "Msiitengeneze vibaya kwa haraka." Akaenda kwenye ndege nyingine.

Ambrose alitambaa ndani ya tumbo la Bikizee. Njia ile ilizidi kuwa nyembamba kadiri alivyoendelea, na mwishoni pakawa na lile tundu la duara. Alisimama hapo kwa magoti. Jasho lilimtoka na palikuwa na baridi ya kuvunja mfupa. Sauti ya Pyke ikaja masikioni, nzito kwa sababu ya taya.

"Thirkell, umekaa?"

"Bado, nahodha."

"Sina haraka. Mimi mwenyewe nimekaa tu hapa naogopa."

Hapakuwa na utani katika sauti ile. Ambrose aliingiza mguu mmoja, kisha mwingine, akaketi. Alingoja mlio nyuma yake. Haukuja. Ulikuja upepo, ukamwingia shingoni kama maji ya kisimani, na akaupokea kama mtu anavyopokea ushirika mtakatifu, kichwa chini.

"Nimekaa," alisema.

Bikizee akaruka.

Baada ya mafunzo walipewa ndege nyingine na kupelekwa vitani, na Ambrose alichukua bisibisi yake mwenyewe. Kila kibanda alichopewa alikitoa milango, na kila fundi alimwona kichaa mpaka alipomzoea. Alimaliza safari zake zote, mgongo wake ukiwa barafu. Hakuacha kuogopa hata mara moja. Wakati mwingine alitapika kabla ya kuingia, akajifuta, akaingia. Pyke aliruka tena kwa awamu ya pili na watu wengine, akafia juu ya Uholanzi, na Ambrose alimtaja katika sala ya kila Jumapili, jina na jina la baba, hata wajukuu walipokuwa hawajui ni nani.

Bikizee alimaliza vita akivuta angani mifuko ya vitambaa ili wanafunzi wailenge shabaha, kisha akakatwakatwa na kuyeyushwa. Huenda ni sufuria za watu leo. Lomax, kabla ya kuhamishwa, alipita Aldersby kwa baiskeli na kifurushi cha gunia, akamkabidhi Keziah. "Mwambie imetengenezeka," alisema. Keziah, ambaye hakujua kutupa kitu kizima, aliipachika milango ile kwenye banda la kuku.

Ambrose aliirithi pamoja na kuku. Alirudi kwenye biti, na kwa zaidi ya miaka hamsini alikohoa kila majira ya baridi, akashindwa kuinama kwa sababu ya mgongo, na kila jioni alikwenda bandani kuifunga milango ile, akasimama mbele yake, akarudi bila kuifunga. Mbweha wa wilaya nzima walimjua. Dorcas alisema walikuwa wakila kuku wa Thirkell kwa vizazi, kama fungu la kumi.

"Ifunge basi, Ambrose. Ni kuku tu."

"Wamo mle wanapumua," alijibu, na mwaka uliofuata alinunua kuku wengine.

Alifariki majira ya baridi yaliyopita, kitandani, kwenye chumba cha chini, dirisha likiwa wazi na Dorcas akiwa amevaa koti. Mzishi alipokuja alikuwa mtu wa mbali, hakujua lolote, akainua kifuniko. Jamaa walisimama sebuleni wakitazamana juu ya jeneza. Binti ya Ambrose ndiye aliyesema. "Mama, hatuwezi kumwacha wazi mpaka kanisani?"

Dorcas alimnyoosha mumewe ukosi wa shati.

"Mfunikeni," alisema. "Safari hii hayumo."

Kifuniko kikashushwa, bila mlio. Jioni, watu wa mazishini walipokuwa wamekwisha kuondoka, Dorcas alitoka na taa kwenda bandani, na binti yake akamfuata. Kuku walikuwa wamepanda vijiti vyao. Dorcas aliishika ile milango ya Bikizee, mmoja huku na mmoja huku, akaivuta taratibu mpaka ikakutana. Ililia kidogo. Akaweka kiganja juu yake, akangoja, mpaka kuku walipotulia ndani.